Usingoje siku ya mwisho kwenda ofisi ya kazi

Barua ya kuachishwa kazi nilipewa Jumanne, 22 Februari 2022, zamu ya asubuhi, glavu zikiwa bado mkononi. Ghala letu hapa Ujerumani, la watu wapatao 140, lilikuwa linafungwa, na siku yangu ya mwisho ilikuwa 31 Machi. Nikaikunja ile barua mara nne, nikaitia mfuko wa nyuma, nikarudi kufunga mzigo kana kwamba nimepewa risiti ya maziwa.

Wenzetu wanaokuja huku huniuliza sana habari za ofisi ya kazi, yaani Agentur für Arbeit, ambayo wazee wa huku bado wanaiita Arbeitsamt. Naanza na kosa langu, maana lilinigharimu fedha.

Nilijiambia bado nina mshahara wa wiki tano, ofisini nitakwenda nikishakuwa sina kazi. Kwetu Tanga huendi kuomba maji kwa jirani ilhali mtungi wako umejaa. Huku ni kinyume. Sheria inakutaka ujiandikishe kwamba unatafuta kazi miezi 3 kabla ya mkataba kwisha, na kama habari imekufikia muda uliobaki ukiwa chini ya huo, basi una siku 3 tangu ulipojua. Mimi nilitokea 15 Machi. Yule dada wa mapokezi aliangalia tarehe ya barua, akaangalia kalenda ukutani, akanitazama kwa huruma. Nikakatwa fao la kukosa kazi la wiki nzima. Sikuwa na wa kumlaumu, kwa sababu onyo lenyewe lilikuwa limeandikwa kwenye barua, aya ya mwisho, ambayo sikuisoma.

Tena jihadhari, kujiandikisha ni mara mbili. Kwanza unajiandikisha kuwa *arbeitsuchend*, mtu anayetafuta kazi. Halafu, siku ya kwanza ya kukaa bila kazi ikifika, unajiandikisha kuwa *arbeitslos*, mtu asiye na kazi. Maneno yanafanana kiasi cha kumtega mgeni, na wengi wanafanya la kwanza wakadhani wamemaliza. Bila la pili hulipwi.

Kuna mtego mwingine mkubwa zaidi. Siku chache baada ya barua, msimamizi mmoja alipita na karatasi nyingine, uso wote tabasamu. Ukisaini kwamba tumekubaliana kuachana, anasema, utaondoka mapema na kitita kidogo mkononi. Karatasi hiyo inaitwa *Aufhebungsvertrag*. Kaka mmoja wa Goma tuliyekuwa tukipakia naye alisaini palepale. Kwa macho ya ofisi ya kazi, aliyesaini ameacha kazi mwenyewe, na kama hana sababu nzito fao lake huzuiwa wiki 12. Wiki 12 za kodi ya nyumba, ndugu zangu, si mchezo.

Mimi sikuponea kwa akili yangu. Nilikuwa nimeshika kalamu pale aliposimama mbele yangu mama mmoja wa Kituruki, mwenyekiti wa baraza letu la wafanyakazi, lile linaloitwa Betriebsrat. Akasema, "Binti, hapa huandiki hata jina la paka wako mpaka nimesoma." Akasoma. Akairudisha ile karatasi kwa msimamizi bila kusema neno.

Hadi siku ile nilikuwa nalichukulia baraza la wafanyakazi kama kamati ya kuandaa sherehe ya Krismasi. Kumbe mwajiri hawezi kumwachisha mtu kazi bila kwanza kulisikiliza. Akifanya hivyo, uachishaji huo ni batili. Baada ya kupokea barua una wiki 3 za kwenda mahakama ya kazi kupinga, na zikipita zimepita. Na pale kampuni ya ukubwa wa yetu inapotaka kuachisha asilimia 10 ya wafanyakazi wake, au zaidi ya watu 25, ndani ya siku 30, ni lazima itoe taarifa kwa ofisi ya kazi kabla ya kugawa barua, na taarifa hiyo iambatane na maoni ya baraza la wafanyakazi. Kwa hiyo wakati mimi naikunja barua yangu mara nne, ofisi ya kazi ilikuwa imeshajua habari zetu.

Ndiyo maana wakaja. Asubuhi moja ya Machi, kantini yetu iliwekwa meza tatu zilizounganishwa. Upande mmoja walikaa maofisa wawili wa Agentur, upande wa pili bibi wa utumishi wa kampuni, na pembeni mama yetu wa Kituruki na kijana wa chama cha wafanyakazi cha ver.di. Mimi nilizoea kwamba ofisa wa serikali akifika watu husimama, hotuba inasomwa, soda zinanywewa. Hawa walibishana. Mama alisema mbele za watu kwamba wasimamizi wa zamu wanawanyima ruhusa wanaoitwa kwenye usaili, wakati sheria inampa mtu aliyeachishwa nafasi ya kutafuta kazi nyingine ndani ya saa za kazi. Bibi wa utumishi akageuka mwekundu, akaandika kitu kwenye daftari. Kesho yake ruhusa zikatoka. Palepale mama akawageukia na wa Agentur: hawa watu wangu wengi wana mikono lakini hawana vyeti, msituletee tu orodha ya maghala mengine.

Baadaye nilimuuliza yule kijana wa ver.di kwa nini maofisa wale walimsikiliza mama vile. Akacheka, akaniambia nitazame hati yangu ya mshahara.

Nikaitazama. Kuna mstari wa bima ya kukosa ajira. Tangu 2023 mchango huo ni asilimia 2.6 ya mshahara, nusu anatoa mwajiri na nusu unakatwa wewe. Mfuko huo ndio unaolipa fao. Ukiwa na mtoto kama mimi unapata asilimia 67 ya mshahara wako baada ya makato, asiye na mtoto asilimia 60, alimradi umechangia miezi 12 ndani ya miezi 30 iliyopita. Kwa kuwa fedha ni ya wafanyakazi na waajiri, nao wamo katika uongozi. Makao makuu yako Nürnberg, na baraza lake la usimamizi lina watu 21: 7 wa wafanyakazi, 7 wa waajiri, 7 wa serikali kuu, majimbo na miji. Hata ofisi ya mji wako ina kamati ya mafungu hayohayo matatu, inayoangalia mwaka huu watu wafundishwe nini na fedha zitumike wapi. Mpango huu una asili ya 1927, Wanazi waliufuta 1933, na ofisi ilipoundwa upya 1952 ulirudi.

Kwetu Tanzania wazo hilo si geni. LESCO, lile Baraza la Kazi, Uchumi na Jamii, linakalisha serikali, waajiri na wafanyakazi meza moja kwa mujibu wa sheria ya 2004, na huduma ya umma ya kuunganisha watu na kazi ipo pia. Mkataba namba 88 wa Shirika la Kazi Duniani, wa 1948, unasema wazi kwamba huduma hii iwe bure na iwe na kamati zenye idadi sawa ya waajiri na wafanyakazi. Kwa hiyo mtu wa WhatsApp akikudai euro 200 akupeleke "ofisi ya kazi anayoijua", mwambie unaijua njia.

Sasa siku ya kukaa na mshauri. Mimi niliingia na ombi moja dogo, leseni ya foklifti. Mshauri wangu, mwanamke mtu mzima mwenye miwani ya kamba, hakukataa. Aliuliza nimefanya kazi ghalani miaka mingapi. Minne. Una cheti cha fani? Sina. Akanyamaza kidogo, akasema, "Foklifti itakupa kazi mpaka ghala lingine lifungwe." Akanigeuzia skrini nione mwenyewe matangazo ya kazi ya eneo letu, ya wenye cheti na ya wasio na cheti, na mishahara yake. Tulizungumza saa nzima. Nilitoka na *Bildungsgutschein*, hati ya kulipiwa mafunzo, ya kusomea fani kamili ya ghala na usafirishaji kwa miaka miwili, huku malipo yangu yakiendelea.

Msidhani kila anayeingia hutoka nayo. Hati hiyo si haki ya moja kwa moja, mshauri ndiye huamua kama inafaa, na kuna washauri wenye haraka. Nenda na barua za sifa, orodha ya kazi ulizofanya hata za nyumbani, na matangazo matatu ya kazi unayoitaka yanayotaja cheti usichokuwa nacho. Kama Kijerumani chako kinayumba, sema mwenyewe kabla hujaulizwa, maana kozi za lugha ya kazini zipo na ni bora uzipate mwanzo. Gharama za nauli ya usaili, kutafsiri vyeti, picha za maombi, zinaweza kulipwa, lakini omba *kabla* hujatoa hela. Mimi niliwapelekea tiketi ya treni ya juzi, ikarudi na salamu za upole.

Masomo yalikuwa magumu, hasa hesabu za uzito na ekseli za lori kwa Kijerumani. Mama yangu mzazi alikuwa akinipigia simu: "Mwanangu, umri huo na daftari?" Nikamwambia, mama, huku hata mwenye mvi anakwenda shule. Ukifaulu mtihani wa mwisho unapewa euro 1,500, nami nilizihesabu kichwani kila usiku wa kulala saa nane.

Mtihani wa vitendo ulikuwa kiangazi cha 2024. Niliwekewa pallet ya kufunga kwenye tela, mikanda minne sakafuni. Wasahihishaji walikuwa watatu, na mwalimu alikuwa ameshatueleza desturi yake: mmoja hutoka upande wa waajiri, mmoja upande wa wafanyakazi, mmoja ni mwalimu. Nilikuwa nimeshawagawa kwa sura. Mzee mmoja mwenye koti safi, mkali, asiyecheka, nilimpa uajiri. Nikaokota mkanda wa tatu, nikaona lebo yake imechanika, nguvu yake haisomeki. Nikauweka pembeni, nikaomba mwingine.

Mzee akauliza kwa nini. Nikamwambia mkanda usiosomeka hautumiki, mzigo ukilegea njiani anayeumia ni dereva. Akaandika.

Baadaye, kwenye kahawa, nilimuuliza anafanya kazi kampuni gani. Akaniambia ameendesha lori miaka 31, yuko hapo kwa niaba ya chama cha wafanyakazi, na ule mkanda mbovu aliuleta yeye kutoka nyumbani.