Unataka kuanza Beyblade? Pia moja inatosha

"Kaka, nataka kuanza Beyblade X ila hela yangu ni ya pia moja tu. Nichukue ipi?"

Ujumbe huu umeniingia siku chache tu baada ya fainali yetu ya mtaani ya Beyblade X, mchezo wa kurusha pia zizunguke na kugongana ndani ya uwanja mdogo, na nimefurahi kuulizwa. Mpinzani wangu alikuja na begi zima. Akatoa Wizard Arrow, pia ya kukaa katikati na kuzunguka muda mrefu, akaniacha nyuma 3–1. Mimi nilikuwa na Dran Sword 3-60F, ileile niliyoanzia. Nikairusha, meno ya biti, kile kipande cha chini, yakanasa kwenye reli ya uwanja, ikachomoka kama mshale na kuisukumia pia yake kwenye shimo la kati. Hapo ni pointi 3 kwa mpigo, na anayefika 4 ndiye mshindi. Mikono ilinitetemeka kwa furaha.

Kwa hiyo chukua Dran Sword. Ni miongoni mwa pia za kwanza za Beyblade X ambazo kampuni ya Takara Tomy ilizitoa Japani 2023. Kampuni ya Hasbro nayo huiuza nje ya Japani kwa jina la Sword Dran. Ina vipande vitatu: bledi ya chuma juu, racheti katikati, biti chini. Hiyo 3-60 ni racheti yenye ncha 3 na kimo cha milimita 6. F ni Flat, biti ya chini bapa inayokimbia sana. Kagua kabla ya kulipa, maana kuna muuzaji aliniuzia feki akaniapia kuwa ni halisi, na mpaka leo sijasahau.

Halafu fanya mazoezi ya kurusha. Shika kirushio kikiwa sambamba na uwanja, mkono usiyumbe, vuta mkanda wote kwa mkupuo mmoja. Kesho rudia, na keshokutwa rudia tena. Mkono ndio unaoshinda, begi ni mzigo tu.

Na kuna maneno utakayoambiwa. Mjomba wangu alisema sebuleni, mbele ya wageni, kwamba mwanamume mwenye kazi hachezi midoli. Nilinyamaza kwa sababu ni mkubwa wangu, lakini yaliniuma na bado yananiuma. Wewe usiache. Wazazi, nanyi nawasihi: mtoto anayekaa kupima kwa nini biti hii inakimbia na ile inatulia anafikiri kwelikweli, msimkatishe tamaa. Vijana, jiheshimuni, na mkishindwa mpeni mwenzenu mkono.

Ukipata hela nyingine nunua Wizard Arrow 4-80B. Biti yake ya Ball ukiifunga kwenye Dran Sword, pia inatulia zaidi. Ya tatu iwe Knight Shield 3-80N, kwa sababu mashindano ya pia tatu kwa tatu hayaruhusu kipande kimoja kujirudia, na hizo tatu hazina kipande kinachofanana.