Rola inafukuza mipira badala ya kuiokota: mota ina kosa gani?

Swali: Fundi, salamu kutoka Tororo. Sisi ni klabu ya roboti ya shule ya sekondari. Roboti yetu inatakiwa iokote mipira ya tenisi uwanjani na kuimwaga kwenye sanduku. Tumefunga rola ya bomba la PVC la milimita 50, na kutoka rola hadi sakafuni tumeacha milimita 55. Ile mota ndogo ya njano ilikuwa inakwama kila mpira ukiingia. Dukani Kampala tuliambiwa haina nguvu, tukauziwa mota ya waipa ya gari. Sasa haikwami, ila mipira inakimbia mbele ya roboti. Tununue mota gani yenye nguvu kuliko hii?

Jibu: Salamu zimefika. Msinunue yoyote.

Kila msimu wa mashindano swali hili nalipata, shule tofauti, maneno yale yale: mota haina nguvu. Nimeshachoka kulisikia, na simlaumu mwanafunzi. Namlaumu anayekaa nyuma ya kaunta na kumwambia mtoto "chukua hii, hii ina nguvu" bila kuuliza mpira una ukubwa gani.

Tuanze na kukwama. Mpira wa tenisi una kipenyo cha milimita 66 hivi. Nyinyi mnataka upite kwenye milimita 55, yaani ubonyee milimita 11. Mpira mpya wa tenisi ukiwekewa uzito wa kilo 8 unabonyea milimita 6 au 7 tu, ndivyo unavyotengenezwa. Kadirieni wenyewe ni kilo ngapi mlikuwa mnamdai mota wa plastiki azibebe. Alikuwa anafanya kazi ya jeki. Kosa lilikuwa kwenye nafasi mliyoacha, na lingerekebishwa kwa bisibisi ndani ya dakika kumi.

Badala yake mkauziwa waipa. Mota ya waipa ina nguvu kweli, hilo muuzaji hakudanganya, lakini inazunguka kama mara 60 kwa dakika ikiwa kwenye kasi ya juu. Mzingo wa bomba lenu ni sentimita 15.7. Mzunguko mmoja kwa sekunde maana yake uso wa rola unavuta kwa sentimita 16 kwa sekunde. Hamkuniambia roboti inakwenda kasi gani, ila hizi za shule zenye magurudumu ya milimita 65 na mota za njano hufika nusu mita kwa sekunde bila taabu. Kwa hiyo roboti inaufikia mpira kwa sentimita 50, rola inauita kwa 16. Mpira unagongwa kabla haujashikwa, na bomba la PVC linateleza kama samaki. Hata ukishikwa, ukipanda ubao wa ndani utakwenda kwa nusu ya kasi ya rola, kwa sababu upande mmoja umeshika rola inayozunguka na upande wa pili umelalia ubao uliosimama. Sentimita 8 kwa sekunde! Konokono wa msimu wa mvua.

Kanuni ninayotumia: uso wa rola ukimbie angalau mara mbili ya mwendo wa roboti. Na rola iwe laini, mpira ndio ubaki mgumu.

Fanyeni hivi. Pandisheni bomba hadi milimita 75 kutoka sakafuni, mpira upite chini yake bila kuligusa kabisa. Nendeni kwa fundi baiskeli awape tyubu iliyokufa, kateni vipande vya upana wa vidole viwili, mvifunge kuzunguka bomba vining'inie milimita 25. Osheni kwanza ule unga mweupe uliomo ndani ya tyubu, la sivyo mpira utateleza mkaniandikia tena. Ncha hizo zitaukamata mpira na kuuvuta, na mota haitapambana na kitu kigumu. Mduara wa kushika sasa ni kama sentimita 9, mzingo sentimita 28. Mota ya njano kwa volti 6 hutoa mizunguko karibu 200 kwa dakika ikiwa haijabeba kitu. Ikishuka hadi 150 ikiwa kazini, bado uso unakimbia sentimita 70 kwa sekunde. Wekeni mbili, moja kila upande, na roboti ipunguze mwendo hadi sentimita 35 inapookota. Ndiyo, ile ile mliyoambiwa haina nguvu. Na kama mnatumia L298N, kile kibao cha kuendeshea mota, kumbukeni chenyewe hula karibu volti 2, kwa hiyo betri ya volti 7.4 inafika kwenye mota ikiwa 5 na kitu.

Kabla ya kufunga mota, bana ncha ya bomba kwenye drili ya mkono, mmoja aishike rola kwa urefu ule wa milimita 75, mwingine avingirishe mipira kuielekea. Isipoingia kwa drili, hakuna mota ya soko la vipuri la Kisekka, Kampala, itakayoiingiza.

Sasa kuna ugonjwa mwingine unaofanana na huu, wa kunakili video. Timu nyingi zinatazama roboti za Marekani za mwaka 2020, mashindano ya FIRST Robotics Competition, zikimeza mipira kama mchwa. Mipira ile ilikuwa ya sponji, ya inchi 7, karibu sentimita 18. Unaiminya sentimita mbili na haijali. Vipimo vile ukivileta kwenye mpira wa tenisi unapata kilichowapata nyinyi. Na wapo wanaouza kiokotaji kilichokwisha kuundwa, rola ya alumini inayong'aa, wakiapa kwamba kinaokota mpira wowote. Jumamosi moja timu iliniletea kimoja. Mipira ilikuwa inaingia miwili, wa tatu unaruka nyuma. Nikamuuliza kijana aliyeshika rimoti kwa nini rola imewekwa urefu ule. Akamtazama mwalimu wake. Mwalimu akatazama risiti.

Swali lile lile majaji huuliza mezani, na risiti hailijibu.

Mota ya waipa msiitupe. Ndani ina gia ya skrubu, ukikata umeme inabaki palepale hata ikiwa na mzigo. Ifungeni kwenye mkono wa kuinulia sanduku, huko upole wake ndio unaotakiwa.