Mabaka yamevimba: ni ukoma umerudi?

SWALI: Mama yangu alitumia dawa za ukoma miezi 12, akamaliza mwaka jana. Wiki hii mabaka yake ya zamani yamevimba na kuwa mekundu, na kiwiko kinamuuma hata usiku halali. Majirani wanasema ukoma umerudi. Tumchukulie tena zile pakiti za dawa?
Msomaji, Pangani, Tanga

JIBU: Pakiti ziacheni kwanza, ila mama afike hospitali leo au kesho. Kwa dalili hizo, yaelekea zaidi kwamba kinga ya mwili inashambulia mabaki ya vimelea vilivyokufa. Hali hiyo huja ghafla, wakati wa dozi au katika miaka michache baada yake. Ukoma unaorudi kweli hujitokeza taratibu, kwa mabaka mapya yasiyouma, mara nyingi baada ya miaka 5 au zaidi. Tena ni nadra: kama mgonjwa mmoja katika 100, au chini ya hapo.

Kinachotutia wasiwasi ni kiwiko. Hapo unapita mshipa wa fahamu wa kidole kidogo na cha pete. Ukivimba, vidole hufa ganzi, kisha hujikunja. Udhaifu usiozidi miezi 6 mara nyingi hupata nafuu kwa prednisoloni (dawa ya kutuliza uvimbe), kwa kawaida miligramu 40 kila asubuhi, zikipunguzwa kidogo kidogo kwa miezi kadhaa. Asiiache ghafla akijisikia vizuri, wala msiinunue wenyewe duka la dawa: kwanza apimwe sukari, presha na kifua kikuu.

Akichukuliwa majimaji ya ngozi kwenye ndewe za masikio na kwenye baka, vimelea vikaonekana, msishtuke. Vilivyokufa hukaa mwilini miaka. Swali ni je, vimeongezeka kuliko kipimo cha awali? Ndiyo maana kadi yake ya zamani inahitajika (na wengi huitupa siku ya dozi ya mwisho!). Ikithibitika umerudi, atapewa upya dawa zilezile tatu, rifampisini, dapsoni na klofazimini, kwa miezi 12, bila malipo. Na sampuli ipimwe usugu wa dawa ikiwezekana.

Zahanati ikisitasita, mwulizieni mratibu wa kifua kikuu na ukoma wa wilaya.