Maswali ya Wasomaji: Simu inasema mboga zimeshiba, mbona majani ya njano?

Shikamoo mwalimu. Niko Nkuhungu hapa Dodoma, nilitoa vitu stoo nikaanza kulima saladi na figiri ndani bila udongo, kijana mmoja akanifungia sensa na kapampu ka mbolea, sensa ikisoma 1.2 kanazima kenyewe na simu inaonyesha kijani. Sasa wiki ya tatu simu kijani, majani njano. Maji natumia ya kisima, nimeongeza na urea kidogo lakini wapi. Sensa mbovu au mimi?
Mama Wawili, Nkuhungu

Marahaba mama. Mimi ni mtu wa kompyuta, nafundisha chuo hapa Dom, bwana shamba siyo, ila haya mambo ya kulima ndani ndo utafiti wangu na hilo kosa lako nilishalifanya, tena wanafunzi wakiwa wamenizunguka wanaangalia.

Sensa yako (siyo ile ya watu na makazi) ni nzima kabisa. Shida inajua kitu kimoja tu, umeme unapita vipi kwenye maji. Chumvi ikizidi namba inapanda, na mbolea ikishayeyuka nayo ni chumvi tu, haiwezi kujua ipi ni ipi. Na maji ya visima vyetu si unayajua, sabuni haitoi povu, birika linaota ukoko mweupe. Kwa hiyo inawezekana maji yenyewe yanakaribia 1.2 kabla hujatia kitu, pampu inakaa kimya, simu kijani, mboga zinakufa njaa.

Leo hii chota maji ya kisima matupu kwenye kikombe, tumbukiza sensa. Ikisoma 0.3 nimekosea, nitukane. Ikisoma 0.9 kwenda juu mchawi wako ndo huyo. Usikimbilie kupandisha kiwango kwenye programu, maana mmea unakunywa maji ile chumvi nyingi inabaki, kila siku inazidi. Changanya na maji ya mvua, mvua zetu ni Desemba mpaka Aprili basi simtanki ikae chini ya bati mapema, kiangazi nunua kwa wale wanaochuja maji ya kunywa, uyapime nayo.

Halafu angalia njano imeanzia wapi. Majani ya chini ni kukosa naitrojeni. Machanga ya juu na mishipa imebaki kijani ni kukosa chuma, na mara nyingi chuma kipo ila pH (kipimo cha uchachu wa maji) imepanda mmea unashindwa kukichukua, iwe 5.5 mpaka 6.5. Ndimu inashusha lakini haikai. Urea acha, shambani bakteria wa udongo ndo wanaigeuza, kwenye ndoo yako hao vibarua hawatoshi. Tafuta mbolea ya pakiti mbili, A na B, usizikoroge pamoja zikiwa nzito zitaganda kama chokaa.

Mwalimu, umeme ukikatika inakuwaje?
Msomaji, Ilazo

Kama maji yanatiririka kidogo kidogo kwenye bomba, mizizi inakauka ndani ya masaa, hasa joto la Oktoba. Mizizi ikiwa inaning'inia kwenye ndoo ya maji we lala tu. Mimi nyumbani nimerudi kwenye ndoo, pampu hakuna, sensa hakuna, nimeifunga mfuko mweusi mwanga usiingie ukaleta ule utelezi wa kijani. Wanafunzi wangu hawajui.