Ndiyo, Phil Knight wa Nike alikuwa mwanariadha kweli
Kama unajiuliza iwapo Phil Knight, mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya viatu vya michezo ya Nike, alikimbia kweli, na misaada anayotoa ni mikubwa kiasi gani: ndiyo, alikimbia, na hakuwa wa kujaza nafasi tu. Mwishoni mwa miaka ya 1950 alikuwa kwenye timu ya riadha ya Chuo Kikuu cha Oregon, mbio za masafa ya kati, na maili moja aliimaliza kwa dakika 4 na sekunde 10. Bingwa hakuwa, lakini kocha wake alikuwa Bill Bowerman, na hapo ndipo biashara yenyewe ilipoanzia: mwaka 1964 kila mmoja alitoa dola 500, wakaanzisha Blue Ribbon Sports. Knight alikuwa akiuza viatu vya kukimbilia vya chapa ya Tiger kutoka Japani kwenye mashindano ya riadha, akivitoa kwenye buti ya gari lake. Jina la Nike lilikuja baadaye, 1971. Kwa hiyo anayesema alijenga yote peke yake anamdhulumu Bowerman.

Kuhusu misaada, ni mikubwa mno. Mwaka 2016 pekee yeye na mkewe Penny waliahidi dola milioni 500 kwa Chuo Kikuu cha Oregon kwa ajili ya kituo cha sayansi, naye Knight akaahidi milioni 400 kwa Chuo Kikuu cha Stanford, alikosomea shahada ya uzamili ya biashara. Hizo za Stanford ndizo zinazolipia ufadhili wa masomo wa Knight-Hennessy chuoni hapo, ambao hata Mwafrika anaweza kuomba. Ila kumbuka, hizo ni ahadi: fedha za namna hii kwa kawaida hulipwa kidogo kidogo, hazitolewi zote siku moja.