Maswali ya wasomaji: Kakampuni ka kutredi umeme kananitaka, mama anasema huko ni kubeti

SWALI: Shikamoo kaka. Mimi ni Mtanzania niko Houston, nimemaliza masters ya takwimu mwezi wa tano na sasa nipo kwenye OPT, kile kibali cha kazi cha mwanafunzi wa kigeni aliyehitimu Marekani. Nimepata ofa ya kuwa mchambuzi kwenye kakampuni kadogo ka watu tisa, wananunua na kuuza umeme, ila cha ajabu hawana mtambo hata mmoja, hawana nguzo, hawana hata mteja wa nyumbani. Mshahara ni mdogo kuliko ule wa kampuni ya bima iliyonipa ofa pia, lakini wanasema bonasi inaweza kuzidi mshahara wa mwaka mzima. Nimemwambia mama akasema huko ni kubeti tu mwanangu, kama wale wa mikeka, nenda bima. Sasa hiyo kazi ni ya kufanya nini hasa kila siku, na je mama yuko sahihi? – Mtakwimu, Houston

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na hongera kwa masters. Nianze na mama maana mama hajakosea kivile. Kampuni kama hiyo inaweka oda ya umeme wa kesho bila nia ya kuwasha hata taa moja, ikipatia inalipwa tofauti ya bei, ikikosea inalipa yenyewe, umeme wala haupiti mikononi mwao. Mtu akiita huko kubahatisha sitamkatalia. Ila kwenye mkeka unaweka buku yako, ukipigwa umepigwa buku, yameisha. Huku unaweza kudaiwa hela nyingi kuliko uliyoweka mezani, ndo maana wanatafuta mtu wa takwimu na sio mtu mwenye bahati.

Texas ina gridi yake yenyewe, msimamizi anaitwa ERCOT, na soko lina pande mbili. Kuna soko la siku moja kabla, oda zinafungwa saa nne asubuhi na majibu kwa kawaida yanatoka kwenye saa saba na nusu mchana, hapo kila saa ya kesho ina bei yake na kila eneo lina bei yake. Halafu kuna soko la papo hapo, mitambo inapangwa upya kila dakika tano kufuata matumizi ya muda huo na hesabu ya malipo inapigwa kwa kila robo saa. Bei za pande hizi mbili karibu kila siku hazilingani, na humo katikati ndimo bosi wako mtarajiwa anapokula.

Chukua mfano mmoja ambao najua utakutana nao mapema tu. Magharibi ya Texas kuna upepo na sola nyingi kuliko watu, walaji wako Houston, Dallas, San Antonio huko. Jimbo liliagiza laini za kusafirisha huo umeme, maili kama 3,600, zikakamilika mwanzoni mwa 2014 kwa karibu dola bilioni 7, na bado kuna usiku upepo unavuma mpaka laini zinajaa, umeme unakwama huko huko unakotoka na bei ya magharibi inazama chini ya sifuri. Yaani mwenye mtambo analipa ili umeme wake uchukuliwe. Usishangae, wenye mitambo ya upepo wengi wanapata nafuu ya kodi ya serikali kuu kwa kila uniti wanayozalisha, kwa hiyo hata akilipa dola tano kutoa uniti elfu moja bado anabaki na chochote.

Sasa wewe saa moja asubuhi upo mezani, umefungua utabiri wa upepo na orodha ya laini zilizozimwa kwa matengenezo, unaona kesho saa nane usiku upepo utakuwa mkali na laini moja muhimu imezimwa. Soko la siku moja kabla linasema magharibi dola 9 kwa megawati saa moja (yaani uniti elfu moja), Houston dola 20, tofauti ni 11. Treda ananunua hiyo tofauti kwa megawati 20, yaani analipa 11 halafu analipwa tofauti itakayotokea kweli kwenye soko la papo hapo. Usiku ukifika magharibi inaenda hasi 6, Houston 22, tofauti imekuwa 28, mmepata 17 mara 20, dola 340 kwa saa moja. Safi. Lakini mafundi wakimaliza mapema, laini ikarudi jioni, magharibi inakuwa 21 na Houston 22, tofauti dola moja, mmepoteza 200. Bei haikuwa siri ya Mungu hapo, mtu aliyeangalia orodha ile mara ya pili saa tatu na nusu angeona tarehe ya kurudi imebadilishwa. Huyo mtu ni wewe. Na mara nyingi neno lako la maana kwa siku nzima litakuwa "leo hapa tusiingie", neno ambalo halitaonekana kwenye ripoti yoyote ya faida, jiandae kwa hilo.

Kinachobaki ni kazi ya jasho tu. Kusafisha data. Majina ya vituo vya bei yanabadilika bila taarifa uliyoisoma, faili linakuja na safu imehama, na mara mbili kwa mwaka saa za Marekani zinasogezwa, siku moja ya mwezi wa tatu ina masaa 23 na siku moja ya mwezi wa kumi na moja ina masaa 25, program yako ya Python iliyokuwa inatembea vizuri inakutana na saa ya usiku iliyojirudia mara mbili inazima, na treda anakuuliza mbona chati iko tupu. Kwenye kampuni kubwa kuna idara ya data, kwenye watu tisa idara ya data ni wewe, na idara ya kukagua stetimenti za ERCOT ni wewe pia, na printa ikigoma wanakuangalia wewe. Uzuri wake ndani ya mwaka unakuwa umeuona mnyororo mzima toka oda mpaka hela kuingia benki, bima watakuweka kwenye kijisehemu kimoja miaka mitatu.

Sasa hatari, na hapa naomba mama asisome. Februari 2021 baridi kali iliingia Texas, mitambo ikaganda, gesi ikapungua, umeme ukakatwa kwa mamilioni ya watu, na bei ikashikiliwa kwenye kikomo cha dola 9,000 kwa megawati saa moja kwa siku kama nne. Jimbo lenyewe lilihesabu vifo 246. Kwenye soko, aliyekuwa ameuza umeme asio nao alitakiwa kuununua kwa bei hiyo, wengine wakafilisika, Brazos ambayo ni ushirika mkubwa wa umeme wa miaka mingi iliomba ulinzi wa mahakama mwezi wa tatu. Kikomo kikashushwa hadi dola 5,000 kuanzia 2022, lakini 5,000 nayo ukiwa upande mbaya na megawati 20 ni laki moja ya dola kwa saa moja. Rudi kwenye ile faida ya 340 ulinganishe.

Na kampuni ndogo ina ugonjwa wake. Upande wa mashariki wa Marekani kuna soko la umeme linaitwa PJM, linahudumia majimbo 13 na Washington, kulikuwa na kampuni ya watu wachache inaitwa GreenHat, walikusanya mikataba ya msongamano wa laini, ile inayolipa kufuata tofauti ya bei laini zinapojaa, mingi kupita kiasi wakiwa wameweka dhamana isiyofika hata dola milioni moja, mwaka 2018 wakashindwa kulipa na hasara ya zaidi ya dola milioni 100 ikagawanywa kwa wanachama wengine wa soko. Baadaye FERC, msimamizi wa nishati wa serikali kuu ya Marekani, akawapiga faini ya dola milioni 179. Tangu hapo masoko yamekaza dhamana, kwa hiyo ukikuta kampuni ndogo inalalamika kuhusu dhamana ujue ndo maisha, ila ukikuta hailalamiki kabisa uliza vizuri.

Kwa hiyo kabla hujasaini, kaa na bosi uulize hela ni ya nani, yake mwenyewe au ya wawekezaji wanaoweza kuitoa kesho, halafu uliza siku mbaya kuliko zote walipoteza kiasi gani na kikomo cha hasara kwa siku ni ngapi na ni nani anamzima treda kikomo kikifika. Akikupa namba, vizuri. Akikuambia sisi huwa hatupotezi sana, chukua koti lako. Uliza pia nani anapiga hesabu ya thamani ya oda zilizo wazi kila jioni, maana kama ni treda huyo huyo anayelipwa bonasi, utajakuta siku moja unaombwa "urekebishe kidogo" shiti ya Excel. Bonasi isome kwenye mkataba neno kwa neno, kama imeandikwa ni kwa hiari ya kampuni basi kichwani mwako iandike sifuri na upige bajeti ya kodi ya nyumba kwa mshahara peke yake.

Halafu kitu ambacho hujauliza na ndicho cha kwanza. OPT yako ni miezi 12, nyongeza ya miezi 24 kwa waliosoma sayansi na hesabu inataka mwajiri awe amejisajili E-Verify, mfumo wa serikali wa kuhakiki vibali vya kazi, na ajaze nawe mpango wa mafunzo, fomu I-983. Vikampuni vingi vidogo havijajisajili, sio kwa ubaya, hawajawahi kuhitaji tu. Waulize wiki hii. Wakisema hapana na hawana mpango, bima inakuwa jibu hata kama moyo unataka umeme.

Mimi ningekuwa na miaka yako, E-Verify ipo na bosi amenipa namba za hasara bila kung'ata maneno, ningeenda kwa hao watu tisa. Upande wa halali na haramu, kama nyumbani kwenu linahesabika, muulize sheikh na umweleze wazi kwamba hakuna umeme unaopokelewa mkononi, ni tofauti ya bei tu. Usimfiche hicho kipande ndo upate fatwa tamu.

SWALI: Habari kaka, mimi mume wangu ni mchambuzi kwenye kampuni ndogo ya umeme hapa Dallas. Kila kiangazi mwezi wa nane tukikaa kula jioni yeye macho kwenye simu, ukimuuliza anasema "bei bei". Saa kumi alfajiri kaamka tena. Ni kazi kweli au kuna mtu? – Mke wa Bei, Dallas

JIBU: Shemeji, kwa hilo la jioni simtetei kwa vile ni mwanaume mwenzangu, ila ukweli ni kwamba kwa Texas mwezi wa nane saa ya chakula chenu ndo saa yenyewe. Jua linazama, sola inaondoka kwenye gridi ndani ya muda mfupi, AC bado zinanguruma nyumba nzima, hapo ndipo bei inaweza kuruka. Miaka hii mabetri makubwa yamepunguza hizo presha kiasi, lakini mtu aliyeshazoea kuogopa saa mbili usiku hawachi haraka. Saa kumi alfajiri nayo inaingia akilini, utabiri mpya wa hali ya hewa wa usiku unakuwa umetoka na anataka kuuona kabla wenzake hawajaamka.

Ninachojiuliza mimi ni kingine. Yeye ni mchambuzi, oda ni za treda, sasa kwa nini zamu ya usiku ni yake? Mara nyingi kwenye vikampuni hivi mchambuzi anageuzwa mlinzi wa oda taratibu, hakuna aliyetangaza wala hela haijaongezwa. Muulize hivyo hivyo, analipwa ya kulinda? Kama halipwi aongee na bosi, na wakati huo aweke alamu ya bei kwenye simu, ikivuka namba fulani ilie, isipolia simu ikae chumbani mpaka sahani zitoke mezani.

SWALI: Kaka nipo Dar, mwaka wa mwisho wa uchumi. Hizi kazi za kuchambua bei za nishati kwetu zipo au mpaka niende ulaya? – Dogo wa Mlimani

JIBU: Dogo, kwenye umeme bado. Eastern Africa Power Pool, umoja wa nchi za ukanda wetu wa kuuziana umeme, upo tangu 2005, laini ya Ethiopia mpaka Kenya inafanya kazi tangu 2022, na sisi na Kenya tumeunganishwa kwa laini ya kilovolti 400, lakini mauziano mengi ni ya mikataba ya shirika kwa shirika, ni vigumu kakampuni kuingia kati. Kusini wametangulia, kule kuna soko la siku moja kabla na kampuni binafsi kama GreenCo ya Zambia inanunua na kuuza. Fuatilia ila usisubirie ajira hapo.

Kwenye mafuta kazi ipo leo, sema haina jina zuri. Mafuta yanaletwa kwa pamoja chini ya PBPA, wakala wa serikali wa uagizaji, wauzaji wanashindania premium, yaani nyongeza juu ya bei ya soko la dunia, na Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA, mdhibiti wa nishati, wanatangaza bei kikomo. Sasa fikiria kampuni ndogo yenye vituo vichache, Jumanne usiku ina lita laki tano kwenye matenki, Jumatano bei inashuka shilingi 60. Milioni 30 zimeondoka wamelala. Bei ya EWURA inafuata bei za dunia za nyuma pamoja na premium na kiwango cha dola, kwa hiyo anayefuatilia anaweza kukadiria inaelekea wapi na kumwambia bosi apunguze mzigo mapema. Kampuni nyingi ndogo kazi hiyo anaifanya mhasibu kwa kubahatisha.

Wewe shusha matangazo ya EWURA ya miaka miwili mitatu, yapo wazi kwenye tovuti yao, yapange kwenye Excel na bei ya dunia na dola pembeni, halafu kila mwezi kadiria bei kabla haijatangazwa na uandike tarehe uliyokadiria. Ukiwa unakosa kwa shilingi chache tu miezi kadhaa mfululizo, chapisha hiyo shiti uende nayo kwenye kampuni za mafuta za Kurasini, uombe kuonana na mkurugenzi wa fedha, sio HR.