Kutoka Tume ya Huduma za Umma hadi Ugavana
Kwa aliyeuliza kama mdhibiti wa huduma za umma, yaani anayesimamia ada za huduma kama simu na umeme, katika jimbo la Marekani anaweza kupanda hadi ugavana, mfano ulio wazi ni Huey Long wa Louisiana. Mwaka 1918, akiwa na umri wa miaka 25, alichaguliwa na wananchi kuingia katika Tume ya Reli ya jimbo hilo, ambayo mwaka 1921 ilibadilishwa kuwa Tume ya Huduma za Umma. Humo alipambana na kampuni ya simu iliyokuwa imepandisha ada, akaitetea tume hadi Mahakama ya Juu ya Marekani, na wateja wakarejeshewa fedha walizotozwa kupita kiasi. Nguvu ya cheo hicho iko hapo hasa, kwa kuwa ni ofisi chache sana zinazomwezesha mwanasiasa kupunguza bili ambayo mpiga kura huilipa mwenyewe. Aligombea ugavana mwaka 1924 akashindwa, kisha akashinda mwaka 1928. Naamini sifa yake ya kumtetea mlaji aliistahili, ingawa ubabe aliouonyesha akiwa gavana, uliochangia kushtakiwa kwake mbele ya Bunge la jimbo mwaka 1929, hauwezi kufumbiwa macho.